Habari Zilishuka Turbo

Vijana wengi huamini kwamba wazee wao waliokaa kwenye mashamba ya wazungu huku Uasin Gishu, miaka ile ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, walijua jembe na kodi basi, na kwamba mambo ya dunia yaliwapita. Nimeyasikia hayo hata kutoka kwa msomi aliyeshika kipaza sauti kwenye sherehe za Mashujaa. Nayakataa. Nilizaliwa 1935 katika landi za reli pale Turbo, baba yangu akiwa kwenye genge la kutengeneza njia, na nilikulia miongoni mwa watu waliojua kilichotokea Delhi, Accra na Berlin, wakakijadili mpaka mafuta ya taa yakaisha. Kusoma walio wengi hawakujua. Kusema mbele ya bwana hawakuruhusiwa. Lakini habari walikuwa nazo, na walizipima kwa kipimo ambacho mpaka leo sijaona kilicho bora.

Reli ndiyo iliyotuletea. Ilitoka Mombasa, ikapanda Nairobi na Nakuru, ikapita Eldoret ambayo wazee waliita Sisibo, kisha Leseru, Turbo, Lugari, Broderick Falls ambayo leo ni Webuye, Bungoma, Tororo, mpaka Kampala ilikofika mwaka 1931. Kila lililosemwa gatini Mombasa au sokoni Kampala lilisimama mbele ya nyumba yetu kwa dakika kadhaa, likaendelea na safari. Dereva, faiamani na gadi walikuwa watu wa kuheshimiwa sana kwetu, na heshima ile haikutokana na mshahara peke yake. Baba alikuwa na desturi moja: habari ya kutoka Mombasa haikuwa habari kamili mpaka mtu wa treni ya kutoka Kampala aulizwe naye aseme vilevile. Hao wawili wakitofautiana, wazee walisema, "Tungoje." Nimefanya kazi na watu wa magazeti baadaye maishani na sikuona wengi wenye subira hiyo.

Vita vilipokwisha Agosti 1945 nilikuwa na miaka kumi. Mashambani wazungu walifyatua risasi hewani, nasi watoto tukagawiwa sukari guru dukani. Jioni wazee wakakaa mbele ya nyumba yetu, Waluhya wa genge na Wanandi wa mashamba ya jirani, na sikuona aliyecheka. Mmoja wao, Mnandi aliyechunga ng'ombe wa bwana fulani upande wa Kipkaren, aliuliza hivi: "Safari hii watakata wapi?"

Sikuelewa, ila watu wazima wote walielewa. Vita vya kwanza vilipokwisha, serikali iliwapa ardhi askari wa kizungu kwa mpango wa mwaka 1919, na sehemu ya ardhi hiyo ilikatwa kutoka hifadhi ya Wanandi, huko Kipkaren na Kaimosi. Mzee yule alikuwa kijana wakati huo. Aliona wapima ardhi wakipigilia vigingi kwenye malisho ya baba yake, naye akageuka mfanyakazi mahali alipozaliwa. Kwa hiyo, redio ya London iliposema kwamba amani imerudi duniani, yeye alisikia mlio wa nyundo juu ya kigingi. Wala hakukosea kuuliza. Baada ya 1945 ulikuja mpango mwingine wa kuwapa mashamba wazungu waliotoka vitani, kwa mikopo na mikataba ya miaka mingi, humuhumu katika nyanda zilizowekwa kwa ajili ya wazungu peke yao. Huku mtu wa skwota, aliyelima kipande kidogo cha ardhi ya bwana kwa malipo ya kazi yake, akaongezewa siku. Zamani mkataba wake ulikuwa siku 180 kwa mwaka; halmashauri za wazungu zikapandisha mpaka 240, na kwengine 270, na ng'ombe wake wakapunguzwa kwa amri.

Mjomba wangu, ambaye kwetu Wabukusu tulimwita khocha, alirudi 1946. Alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, waliopita Bonde la Kabaw huko Burma wakati wa mvua za 1944 na kufika mto Chindwin mwisho wa mwaka huo. Alirudi na koti zito, viatu, kisanduku cha bati, na tabia ya kuamka usiku. Hakupenda kusimulia mapigano. Alipenda kusimulia watu: Wahindi aliowaona wakiandamana mjini Calcutta wakiwaambia Waingereza waondoke, na polisi wakiwa na bunduki, na watu hawakukimbia. Alikuwa amekwenda kulinda himaya, akaikuta inaambiwa "tokeni" mchana kweupe. Alipofika nyumbani akaambiwa aende akachukue kipande, kile cheti cha mfanyakazi, ajaziwe jina la mwajiri. Alikichukua. Akakiweka ndani ya kisanduku cha bati, pamoja na nishani yake ya Burma, na nilipomuuliza kwa nini anaviweka pamoja alinijibu, "Vyote viwili nimepewa na mtu mmoja."

Ni yeye aliyetuambia kwa mara ya kwanza habari ya bomu la Hiroshima, kwa namna iliyotuingia: mji mzima, asubuhi moja, ndege moja. Wazee walimwomba arudie. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba madini mengi yaliyotumika katika kazi ile yalichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na Wakongo ambao hakuna aliyewaambia wanachimba nini. Khocha alikuwa ameshafariki. Ningependa sana angelijua hilo, kwa sababu ni aina ya habari aliyokuwa akiitafuta siku zote: habari inayoonyesha mkono wetu uko wapi katika mambo ya wakubwa.

Mimi niliingia shule ya misheni, na nilipoweza kusoma bila kukwama, nikapata kazi isiyo na mshahara. Gazeti la Baraza lilitufikia likiwa limechelewa, limekunjwa mara nyingi, wakati mwingine limeshafungiwa sukari. Lilikuwa gazeti la Kiswahili la kila wiki, lililoanzishwa 1939 na wenye East African Standard. Wazungu walikuwa wenye mali, lakini Francis Khamisi, aliyekuwa mhariri wake wakati wa vita, alikuwa pia miongoni mwa waanzilishi wa chama cha siasa cha KAU, na wazee walilijua hilo; walisema ndani ya gazeti lile kuna mtu wetu anayekohoa. Nilisoma kwa sauti, nikiwa nimesimama. Walinikatiza kila mara, na maswali yao yalikuwa yaleyale, iwe habari ni ya Ugiriki, Palestina au Uchina. Ardhi ni ya nani? Nani anatozwa kodi? Waliorudi kutoka vitani wamepewa nini? Nikisoma hotuba ndefu ya waziri wa Uingereza walinyamaza mpaka imalizike, kisha mmoja anasema, "Hujasoma bado."

Agosti 1947 habari haikuhitaji gazeti. Turbo ilikuwa na maduka machache ya Wahindi, mabati na vibaraza vya mbao, na lile kubwa zaidi lilikuwa na redio ya betri. Tarehe 15 asubuhi mwenye duka, Mhindu, mtu mnyamavu aliyejua madeni ya kila mtu bila kufungua daftari, alipandisha bendera mpya ya India juu ya mlango. Alimgawia kila aliyepita ladu moja, mtoto kwa mkubwa, hata mnyapara. Kabla ya saa sita mzungu mmoja alishuka kwenye gari lake kununua mafuta ya taa. Aliitazama ile bendera. Tulikuwa wengi kibarazani na tuliacha kutafuna. Akaingia, akanunua, akaondoka. Hakuna kilichotokea, na hilo la kutotokea chochote ndilo watu walilozungumza kwa majuma.

Lakini kibarazani palepale palikuwa na fundi cherehani, Mwislamu wa Punjab, aliyekodi nafasi kwa mwenye duka huyo tangu kabla sijazaliwa. Yeye naye alikula ladu siku ile. Baada ya siku chache redio ikaanza kuleta habari za mpaka uliochorwa katikati ya Punjab, treni zilizofika zikiwa na maiti, watu kwa mamilioni wakihama huku na huku. Kijiji cha fundi kilikuwa upande uliobaki India. Barua zikakatika. Nilikuwa nimempelekea kaptura ya shule aitie kiraka, nikaikuta iko pale nilipoiacha, na yeye amekaa mbele ya Singer yake, mguu juu ya pedali, gurudumu halizunguki. Mwenye duka alikuwa akimletea chai mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na wala hawakuangaliana. Khocha aliwatazama wawili wale, akasema kwetu uhuru utakapokuja tuangalie sana nani anashika kalamu ya kuchora mipaka. Nilikuwa mtoto, nikadhani anasema tu.

Ukiniuliza ni wakati gani dunia na Turbo zilikuwa kitu kimoja, nitakutajia Februari 1948.

Ijumaa, Januari 30, Gandhi alipigwa risasi Delhi. Jumamosi maduka hayakufunguliwa. Mwenye duka alikaa kibarazani bila viatu, na wazee wa Kinandi na wa Kiluhya wakaenda kumpa pole wamevua kofia, kama wanavyokwenda kwenye matanga ya jirani yeyote. Fundi cherehani alikuwa wa kwanza kufika, akakaa kando yake chini kwenye mbao. Kwa wiki nzima na zaidi tulizungumza juu ya Gandhi, mtu aliyekataa kodi ya chumvi kwa miguu yake. Wazee walipenda mno habari ya chumvi.

Kisha, Jumanne ya Februari 10, polisi wakafyatua risasi Malakisi.

Ili hili lieleweke lazima nirudi nyuma kidogo. Elijah Masinde wa Kimilili alikuwa ameshatajwa nyumbani kwetu miaka mingi. Ujanani alikuwa mchezaji mpira hodari, aliyeichezea Kenya dhidi ya Uganda. Wakati wa vita alikataa amri za serikali, pamoja na ile ya kung'oa gugu lililokuwa likivamia mashamba, akafungwa, kisha akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Alitoka 1947. Septemba mwaka huo aliwaongoza wafuasi wake kwa maelfu mpaka Chetambe, juu ya Webuye, mahali Wabukusu walipouawa kwenye boma lao mwaka 1895, wakawafanyia wafu wao ibada. Dini yake ya Msambwa ilisema mizimu yetu haijalala na mzungu aende kwao. Kukhu, nyanya yangu, alikuwa na ndugu huko. Baba alikuwa mtu wa Friends, mkristo wa kanisa la Kaimosi, na aliogopa kazi yake. Alikataza jina la Masinde lisitamkwe ndani ya landi ya reli. Kukhu alilitamka nje ya mlango.

Habari ya Malakisi ilitufikia kwa mdomo, kabla ya karatasi yoyote. Mwanamke mmoja, shemeji ya upande wa kukhu, alishuka kutoka treni ya magharibi na mtoto mgongoni, hana mzigo. Kutoka Malakisi alikuwa ametembea mpaka Bungoma. Kukhu alimpa maji, akamfungulia mtoto, akamkalisha kwenye mkeka, wala hakumuuliza neno. Alipokuwa tayari alisema watu walikwenda kituoni wakiwa wengi, wakiimba, kwamba wengine waliamini risasi itageuka maji, kwamba haikugeuka. Waliokufa walikuwa 11 kwa hesabu iliyokuja kutolewa. Yeye alimhesabia kukhu kwa majina, akianza na vijana. Alipomaliza, kukhu aliyarudia yote, jina kwa jina, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayehakikisha ameyapokea sawasawa. Baba alikuwa amesimama mlangoni. Hakumkataza.

Siku chache baadaye Masinde akakamatwa, dini yake ikapigwa marufuku, naye akapelekwa Lamu. Askari polisi akaanza kusimama stesheni akitazama wanaoshuka kutoka Bungoma. Na gazeti lililokuwa mikononi mwangu wiki ile lilikuwa bado na picha za mazishi ya Gandhi, umati wa watu kando ya mto Yamuna. Nilimsomea khocha. Akaniuliza, "Na sisi tuko ukurasa gani?" Nilifunua kurasa zote. Simlaumu mwandishi yeyote. Gazeti la wiki lilikuwa na siku zake za kuchapishwa, na serikali ilikuwa na mkono wake. Ila siku ile ndipo nilipoelewa jinsi ukubwa wa habari unavyopimwa na wenye mtambo wa kuchapa. Kifo cha Delhi kilivuka bahari kwa usiku mmoja, na kikastahili. Vifo vya Malakisi vilisafiri kwa miguu ya mama mmoja.

Februari haikuwa imekwisha. Tarehe 28, mjini Accra, askari waliorudi kutoka Burma walikwenda kwa gavana na barua yao, bila silaha, kudai walichoahidiwa. Afisa wa polisi alifyatua, watatu wakafa: Sajini Adjetey, Koplo Attipoe na Odartey Lamptey. Majina yao niliyajua baadaye sana. Wakati ule tulipata tu kwamba ni askari wa Burma. Khocha aliwahi kukaa karibu na watu wa Afrika Magharibi huko India, wakisubiri meli, wakabadilishana sigara. Alisikia habari ile, akaingia ndani, akatoka amevaa lile koti la jeshi ingawa jua lilikuwa kali, akakaa nalo mpaka jioni. Hakuna aliyemuuliza.

Mwezi wa tano wakati mabehewa yalipoanza kubadilishwa herufi, maana tarehe 1 Mei reli ya Kenya na Uganda iliunganishwa na ya Tanganyika, ikaja habari ya Afrika Kusini. Hii ilitugusa kuliko wengi wanavyodhani. Uasin Gishu ilikuwa nchi ya Makaburu. Walikuja 1908 kwa meli mpaka Mombasa, kwa treni mpaka Nakuru, kisha kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe mpaka kwenye nyanda hizi, wakiongozwa na Van Rensburg. Wengi walikuwa wakulima wa jasho, si matajiri kama mabwana wa Kiingereza, na wafanyakazi wao wa Kinandi walijifunza Kikaburu. Rafiki mmoja wa baba alikuwa mpishi katika shamba lao, na ndiye aliyekuja na habari ya Mei 26. Chama cha Malan kimeshinda kule kwao, alisema. Wamekaa sebuleni na redio, wamesali, wameimba Zaburi, mzee wa nyumba amelia. Alikuwa amesimama nyuma yao ameshika birika la kahawa na alisikia kila kitu, kwani hawakujua, au hawakujali, kwamba anasikia.

"Wanasema sasa kila rangi itakaa peke yake," mpishi alieleza. "Shule yake, mtaa wake, kiti chake. Itakuwa sheria."

Yule mzee wa Kipkaren alifikiri kwa muda, akauliza, "Na hapa, ni nini tulicho nacho?"

Hakuna aliyemjibu. Stesheni yetu ilikuwa na chumba cha kusubiri cha wazungu, nafasi ya Wahindi, na sisi tulisubiri nje. Hospitali vivyo hivyo. Ardhi kuanzia Turbo mpaka mlima Elgon, mweusi hakuweza kuinunua hata angekuwa na fedha mkononi. Afrika Kusini ilikuwa imeandika kwa wino yale tuliyokuwa tukiishi, na mzee asiyejua kusoma aliyaona hayo kabla ya wanasiasa wengi wa Ulaya.

Ya Berlin nayapita haraka, kwa sababu nasi tuliyapita haraka. Warusi walifunga barabara Juni 1948, ndege zikabeba makaa na unga karibu mwaka mzima. Watu wa reli walivutiwa kujua kwamba mji unaweza kulishwa bila treni. Korea ilipowaka Juni 1950, akina mama walianza kuficha vijana, wakihofia jeshi litakuja tena kuandikisha. Walioitwa walikuwa Wahabeshi, waliopelekwa na Haile Selassie. Hofu yetu yenyewe ilikuwa karibu zaidi: Aprili mwaka ule, huko Kolloa kwa Wapokot, wafuasi wa Lukas Pkiech, aliyechota katika Msambwa ya Masinde, walipambana na polisi, wakauawa 29, na upande wa serikali wakafa wanne, watatu wao wazungu. Kwa muda ule wote sijui nani Turbo alimjadili Stalin zaidi ya Pkiech.

Tarehe 20 Oktoba 1952 ikatangazwa hali ya hatari. Serikali iliwashuku Wakikuyu, na Turbo ilikuwa nao wengi: wapasua mbao, wenye maduka madogo, maskwota. Kwanza waliagizwa kupigwa picha na kubeba kadi, na wengi walikataa. Kisha treni zikaanza kuwarudisha Mkoa wa Kati, hata wale waliozaliwa huku ambao hawakuwahi kuuona Mlima Kenya. Baba alikuwa kazini stesheni. Mimi nilikuwa nimetoka shule likizo, na nilimwona kijana niliyekaa naye dawati moja akiwa kwenye mstari, amebeba kuku chini ya kwapa na daftari zake zimefungwa kwa kamba ya katani. Mama yake alitaka kurudi kuchukua cherehani. Akakatazwa. Yule fundi wa Punjab alikuwa kibarazani mwake, akaacha kazi, akasimama, akavuka reli. Alimwambia yule mama aseme cherehani iko nyumba gani, ataitunza. Akapewa ufunguo. Aliitunza miaka mingi, ikiwa imefunikwa kitambaa, wala hakuishonea hata kifungo. Sikumwona yule mama tena; mwanawe alikuja kuichukua 1961.

Nimeona wenyeji wa Turbo wakibeba vitu vyao tena baadaye, 1992 na 2008, safari hizo kwa malori. Siku hizo sitaziandika hapa, maana zina wengi wa kuzisimulia. Nasema tu kwamba aliyeona mstari ule wa 1952 hawezi kudai kwamba jambo lile lilianza juzi.

Kesi ya Kenyatta na wenzake huko Kapenguria ilifunguliwa Desemba 1952. Serikali ilichagua mahali pa mbali kusudi dunia isifike. Dunia ilifika, na ilipitia kwetu. Njia ya reli ya Kitale ilichepuka pale Leseru, stesheni iliyo jirani yetu, na watu wa treni walileta majina yaliyotushangaza kuliko Korea na Berlin: Pritt, wakili na mbunge wa zamani kutoka London, Chaman Lall, aliyetumwa kutoka India ya Nehru, H. O. Davies wa Nigeria. Dudley Thompson, Mjamaika aliyefanya kazi Moshi. Watu weusi, katika joho la mahakama, wakimbana kwa maswali shahidi wa serikali! Rafiki wa baba aliyekuwa faiamani alirudia hilo la joho mpaka likawa kama hadithi ya dini. Walilala Kitale na kwenda Kapenguria kila asubuhi, kwa kuwa kule hapakuwa na mahali pa kuwaweka. Stalin alikufa Machi 1953, gazeti likaja na picha yake kubwa. Wazee waliniambia nigeuze ukurasa.

Hukumu ilitolewa Aprili 8. Jaji Thacker aliwapa Kenyatta, Kubai, Kaggia, Ngei, Karumba na Oneko miaka saba kila mmoja ya kazi ngumu. Niliisoma jioni mbele ya nyumba yetu, nikiwa na miaka kumi na minane sasa, sauti imeshakuwa nzito. Khocha alikuwapo. Kukhu alikuwa nje ya mlango, mahali pake. Yule mzee wa Kipkaren aliinua mkono nisimame.

"Yetu ni miaka thelathini," alisema.

Alimaanisha Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel, orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho, wa Wanandi, ambaye Waingereza walimshika 1923 kwa kuogopa mkutano wa ibada, wala hajahukumiwa, wala hajarudi. Kukhu akataja wake, aliye Lamu. Kisha wakaniambia niendelee kusoma, niwatajie tena majina ya mawakili na nchi walizotoka, polepole, ili wayashike. Masinde alirudi kabla ya uhuru. Kenyatta aliachiliwa Agosti 1961. Barsirian hakutoka mpaka 1964, bendera ya Kenya ikiwa imeshapanda, na treni ya Kampala ndiyo iliyotuletea habari kwamba amefika nyumbani. Baba, ambaye siku hizo alikuwa amestaafu, alingoja treni ya kutoka Mombasa iseme vilevile.